Supermarket ya hapa Tabora mjini: shoti si zetu, na saa zetu za usiku tunazidai

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Mimi ni keshia kwenye supermarket moja hapa Tabora mjini, jina siliweki, wahusika watajijua. Na mtu asije kuniambia nishukuru kwa kuwa nina kazi.

Ratiba iliyobandikwa ukutani inasema saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Hiyo peke yake inachosha, lakini tuseme tumeikubali. Saa mbili mlango unafungwa, wateja wanatoka, sisi tunabaki. Kuhesabu droo, kupanga shelfu, kupiga deki, kupima sukari ya kesho kutoka kwenye gunia la kilo 50 na kuifunga kilo kilo. Ninapotoka inakaribia saa nne na bajaji za kwenda Isevya zimeshapandisha bei. Muda huo wote hauandikwi popote. Ukiuliza unajibiwa kuwa kufunga hesabu ni sehemu ya kazi. Kama ni sehemu ya kazi, ilipwe!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukizidisha ni kwa makubaliano, unalipwa mara moja na nusu, na hata pamoja na ovataimu siku isizidi saa 12. Ukifanya kazi saa 5 mfululizo una haki ya kupumzika saa nzima. Sisi tunakula wima stoo, na tonge halijashuka unaitwa kaunta.

Sasa njooni kwenye shoti, yaani hela zinazopungua droo ikihesabiwa na keshia anakatwa. Umeme ukikatika na jenereta likigoma, mfumo unazima. Mteja amejaza kikapu, hawezi kusubiri, kwa hiyo tunaandika kwenye kauntabuku: bidhaa, bei ya kwenye shelfu, jumla. Umeme ukirudi tunaingiza moja moja. Juzi dumu la mafuta ya kula la lita 5 lilikuwa na kibandiko cha bei ya zamani, kumbe ofisini walishapandisha bei kwenye mfumo tangu asubuhi na hakuna aliyeambiwa huku chini. Kila dumu lililotoka umeme ukiwa umekatika likaleta tofauti, na tofauti yote ikaandikwa kwa jina langu. Kibandiko sikubandika mimi. Bei sikupandisha mimi. Mshahara uliokatwa ni wangu.

Sheria hiyohiyo inasema mwajiri hakukati kwa hasara mpaka ionekane kosa ni lako, akupe maelezo ya maandishi ya kilichotokea na hesabu yake, na upate nafasi ya kupinga. Tena makato yasipite robo ya mshahara. Mimi nimeona tu kiasi kimepungua mwisho wa mwezi. Supavaiza nilipomfuata akasema, "Dada, sisi wote tunakatwa, zoea." Sizoei.

Na kuna kitu kinaniuma kuliko hizo hela.

Mzee wangu alistaafu reli. Kila Jumapili usiku kuna kipindi cha zilipendwa redioni, kinaanza saa mbili na kuisha saa nne, na miaka yote tulikisikiliza pamoja sebuleni. Wimbo ukianza tu anakutajia bendi kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Wasioijua Tabora wanadhani huku ni asali na maembe basi. Kiko Kids walitoka hapa. Nyanyembe Jazz walitoka hapa. Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, hapahapa! Mwanamuziki Shem Karenga aliwahi kupiga Kigoma na Lake Tanganyika Jazz kabla ya kuja Tabora Jazz, na mzee wangu aliwaona kwa macho, jukwaani, akiwa kijana. Anajua gitaa la solo linapoachia ridhimu, anajua saksafoni inaingia wapi, anakunyamazisha kwa mkono ili usikose. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyozirekodi nyingi za bendi hizo, bila zile tepu leo tusingekuwa na cha kusikiliza. (Na nyie watangazaji mnaopiga Tabora Jazz halafu mnasema ni bendi ya Morogoro, mnakera. Ulizeni wazee.)

Kipindi kikiisha ilikuwa zamu yangu. Bara tulikuwa hatuna televisheni mpaka 1994, kwa hiyo mzee ni mtu wa redio, mimi ni mtoto wa runinga, nimekua na maigizo ya kundi la Kaole ya ITV tukijazana kwa jirani mwenye dishi. Namwekea vile vichekesho vya zamani kwa flashi, anacheka mpaka anafuta machozi.

Tangu wanibadilishie ratiba na kunipanga Jumapili, nafika kipindi kimekwisha na mzee ameshalala, maana umri umekwenda, hawezi kunisubiri. Hizo ndizo saa wanazonichukua bure. Siku ya mapumziko ya wiki ukifanyishwa kazi unalipwa mara mbili, sijawahi kuiona hiyo hela. Na hata wakilipa, mzee wangu ana Jumapili ngapi mbele yake? Nani atanirudishia?

Wanaotaka kuniambia niache kazi, nyamazeni. Kazi naifanya vizuri na naitaka. Nataka ratiba ifuatwe, makato yangu yarudi na Jumapili yangu irudi.

Najua malalamiko ya namna hii yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60, na siku zinakwenda. Hati ya mshahara ninayo, kurasa za kauntabuku nimezipiga picha. Aliyewahi kufungua shauri la makato CMA ya hapa Tabora, aseme: uliingia peke yako au na wenzako? Chama cha wafanyakazi, TUICO, walikusindikiza? Wenzangu wawili wako tayari kusaini, wengine wanaogopa, na siwalaumu.