Gemu iko PC ya sebuleni, nachezea laptop ya chumbani: picha inapasuka

Njiro, Arusha:
Wakuu, habari za jioni. PC yenye gemu ina kadi ya picha ya GTX 1660, iko sebuleni. Laptop ni Core i5 kizazi cha 4, iko chumbani, kuta mbili za tofali katikati. Zote ziko kwenye Wi-Fi. Steam Remote Play (inayorusha gemu kutoka PC hadi laptop) inaunganisha vizuri, lakini gari la kwenye gemu likikata kona picha inapasuka vipandevipande na sauti inakatika. Intaneti yangu ni Mbps 10. Niongeze kifurushi?

Sakina:
Hapana mkuu, usitoe hata senti. Picha haitoki nje ya nyumba. Inapita kwenye ruta tu. Kinachokuumiza ni kwamba PC inatuma kwa hewa, halafu ruta inarudia kutuma yaleyale kwa laptop kwa hewa hiyohiyo, kwa zamu. Gari likikata kona skrini nzima inabadilika kwa mpigo, data inaongezeka ghafla na njia inajaa.

Anza na PC: vuta waya wa mtandao wa Cat5e hadi kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba) la ruta. 1080p kwa fremu 60 kwa sekunde inataka kama Mbps 20, hivyo hata tundu la Mbps 100 linatosha. Nunua waya wa shaba tupu, ule wa alumini iliyopakwa shaba unakatika ukikunjwa kwenye kona.

Ukibana vichwa vya waya mwenyewe, rangi za nyuzi pande zote mbili ziwe hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wengi hupanga kijani pamoja na mwenzake kwa sababu inapendeza macho. Pini ya 3 na ya 6 lazima zitoke kwenye jozi moja iliyosokotwa. Ukizitenganisha taa itawaka, kumbe data inapotea njiani.

Kijenge:
Naongezea upande wa laptop. Picha husafiri ikiwa imebanwa, kwa mtindo wa H.264 au HEVC, na laptop ndiyo inaifungua. Kizazi cha 4 cha Intel kinafungua H.264 kwa chipu yake ya picha, ila HEVC hakiwezi, kwa hiyo prosesa itahemewa. Chagua H.264.

Binafsi naona badala ya Steam, programu za Sunshine (inayorusha) kwenye PC na Moonlight (inayopokea) kwenye laptop ni bora, kwa sababu unaona tatizo liko wapi. Kwenye PC fungua https://localhost:47990, weka ile PIN ya tarakimu nne inayotokea kwenye laptop. Anza na 720p, Mbps 10. Kisha kwenye laptop bonyeza Ctrl+Alt+Shift+S uone takwimu: fremu zikipotea kwenye mtandao, rudi kwenye waya au Wi-Fi, muda wa kufungua picha ukizidi milisekunde 16, laptop ndiyo imeelemewa.

Moshi:
Laptop isipoiona PC kabisa, angalia IP (anwani ya kila mashine kwenye mtandao). Moja ikianza na 192.168.1 na nyingine 192.168.0, una ruta mbili zinazofuatana. Ya pili izimie DHCP (kazi ya kugawa IP), ipe IP isiyogongana na ya kwanza, na waya unaotoka ruta ya kwanza uingie LAN yake, si WAN (tundu la intaneti). Na Windows ya PC iwe kwenye mtandao wa Private. Ikiwa Public, ukuta wake wa moto unaweza kuzuia.

Njiro, Arusha:
Asanteni sana. Ruta yangu ni GHz 2.4 peke yake. Niinunulie mbadala?

Sakina:
Bado. Vuta waya wa pili hadi chumbani kwanza. Hata ukipata ya GHz 5, kuta mbili za tofali zitaidhoofisha kuliko hiyo ya 2.4.