Kijana wangu ananiomba twende pamoja kwenye onyesho la metali ya kiasili hapa Finland: nijiandae vipi?

Mama wa Tampere aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kutoka Tampere. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto niliyekulia Tanga mjini, na kwa sasa naishi Finland na watoto wangu wawili. Kijana wangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 16, amekuwa akisikiliza kwa muda mrefu muziki wa metali, yaani roki nzito ya magitaa ya umeme, uliochanganywa na nyimbo za jadi za nchi hizi za Kaskazini, ambao yeye na wenzake huuita foku metali. Mwezi ujao bendi ya Korpiklaani itapiga katika ukumbi mmoja wa hapa mjini, na tiketi inaeleza kwamba aliye chini ya miaka 18 ataruhusiwa kuingia iwapo tu ameandamana na mzazi au mlezi. Ameniomba twende wote. Hakusema nimpeleke kisha nimsubiri nje. Alisema angependa nisikie anachokisikia yeye, na ombi hilo limenigusa sana.

Nataka kukubali, lakini yapo mambo yanayonitia wasiwasi. Mimi ni Mlutheri, muumini wa KKKT tangu utotoni, na nilipotazama picha za mashabiki niliona nyundo za Thor, mungu wa kale wa Kaskazini, shingoni, pembe za kunywea na nyuso zilizopakwa rangi, nikakumbuka na habari za makanisa yaliyochomwa moto Norway. Vilevile sisi ni Waafrika, na si mara moja nimeona alama za kale za Kinordiki zikibebwa na watu wasiotutaka katika nchi hizi. Kuna pia suala la kelele, kwa sababu mdogo wake wa miaka 9 naye analilia kwenda. Lakini linaloniumiza kichwa zaidi ni hili: nitasikiliza nini humo ndani? Sitaki kusimama saa mbili nikitazama saa ya mkononi, maana kijana atanisoma usoni mara moja. Naomba waliowahi kwenda na mtoto, mzazi au ndugu wanieleze ukweli.

Mpiga Fidla wa Unguja, Göteborg, alijibu:

Dada, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ukilipatia jibu hilo mengine yatakuwa mepesi. Ukiingia ukumbini usianze kulisikiliza gitaa wala sauti ya mwimbaji. Tafuta akodiani na fidla. Korpiklaani huzipiga ala zote mbili jukwaani, tena si kwa kupambia wimbo mmoja au miwili, bali tangu mwanzo wa onyesho hadi mwisho wake. Aliyekulia Tanga na kuzisikia redioni taarabu za Nadi Ikhwan Safaa na Culture Musical Club anazijua ala hizi vizuri kuliko Wafini wengi watakaokuwa wamesimama karibu naye. Katika taarabu ya Unguja fidla humfuata mwimbaji na kumjibu mwishoni mwa mstari, na akodiani hujaza nafasi iliyobaki. Hapa akodiani ndiyo inayobeba mwendo wa humppa, ngoma ya kasi ya mapigo mawili ambayo wazee wa Finland waliicheza katika kumbi za dansi za vijijini, na gitaa la umeme hufuata palepale akodiani ilipokanyaga. Ukishausikia mwendo huo chini ya kelele, utajikuta unautarajia kabla haujafika.

Mtazame mpiga fidla kwa karibu, ukipata nafasi. Fidla yake haitegemei kipaza sauti kilichosimamishwa mbele yake, kwani kingezoa ngoma na magitaa yote ya jukwaani. Hutumia kinasa sauti kidogo kilichobanwa kwenye daraja la ala, kile kibao kinachobeba nyuzi, na ndiyo maana sauti yake huwa kali na kavu kuliko ile tuliyoizoea nyumbani. Mimi hupiga fidla ya taarabu, na kitu cha kwanza kilichonishangaza katika muziki huu ni jinsi upinde unavyotumika kwa mikato mifupi mifupi, karibu bila kuvutwa, ili kila noti isikike juu ya ngoma zinazokwenda mbio.

Historia yake si ndefu. Bendi ya Skyclad, iliyoanzishwa Newcastle huko Uingereza mwaka 1990, ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza kuiingiza fidla katika metali kwa namna ya kudumu, na mwaka huohuo Bathory wa Sweden walitoa albamu ya *Hammerheart*, iliyowafungulia wengi mlango wa visa vya kale vya Kaskazini. Finland ikaja kuwa nyumba ya muziki huu. Finntroll walianza Helsinki mwaka 1997, wakiimba Kiswidi na kuchanganya humppa na metali nzito, na katika albamu yao ya mwaka 2001, *Jaktens Tid*, aliyesikika akiimba kwa mtindo wa joiki ni Jonne Järvelä. Bwana huyo alikuwa na bendi yake iliyoitwa Shaman, ambayo mwaka 2003 ilibadili jina na kuwa Korpiklaani. Joiki ni uimbaji wa Wasami, wenyeji wa kaskazini ya mbali, ambao huimbwa kwa silabi zinazorudiwarudiwa, mara nyingi bila maneno ya kawaida. Kwa desturi yao mtu anaweza kuwa na joiki yake mwenyewe, na anayeiimba huwa anamleta mtu huyo mbele ya wasikilizaji. Sauti ya namna hiyo ikipanda katikati ya wimbo, utajua ilikotoka.

Ushauri wangu ni kwamba usijifunze peke yako kwenye simu. Mwombe kijana akuchagulie nyimbo chache kabla ya siku yenyewe, akae nawe na kukueleza kinachoimbwa, kwa kuwa siku hizi Korpiklaani huimba zaidi kwa Kifini na yeye bila shaka anakijua kuliko wewe. Inawezekana shuleni ameshakutana na *Kalevala*, utenzi ambao Elias Lönnrot aliukusanya kutoka kwa waimbaji wa vijijini na kuuchapisha mwaka 1835, kisha akautoa tena mwaka 1849 ukiwa mrefu zaidi. Bendi nyingi za Finland zimechota humo. Amorphis walijenga juu yake albamu yao maarufu ya mwaka 1994. Mwulize kuhusu Väinämöinen, mzee aliyetengeneza ala ya nyuzi iitwayo kantele kwa utaya wa samaki. Kantele hulazwa mapajani na nyuzi zake kudonolewa kwa vidole, kwa hiyo ukiiona utaikumbuka ala ya kanuni katika taarabu.

Baba wa Turku alijibu:

Dada yangu, mimi natoka Bukavu, na nilimpeleka binti yangu kuwaona Ensiferum, bendi nyingine ya muziki huu, alipokuwa na umri karibu sawa na wa kijana wako. Nitajibu kama mzazi, kwa kuwa muziki umeshaelezwa na anayeujua.

Kuhusu makanisa, habari uliyoisikia ni ya kweli na haifai kufichwa. Kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, liliteketezwa Juni 1992, na mengine yalichomwa katika miaka iliyofuata. Waliohukumiwa kwa matendo hayo walitoka katika kundi dogo la vijana wa Norway waliokuwa wakipiga metali nyeusi, muziki mwingine wenye nia nyingine, na Korpiklaani hawana uhusiano na mambo hayo. Wewe kama Mlutheri huenda ukafurahi kujua kwamba tangu mwaka 2006 Kanisa la Kilutheri la Finland limekuwa na Misa ya Metali, ibada kamili yenye mahubiri na ushirika mtakatifu, ambamo tenzi za kitabuni huimbwa kwa magitaa ya umeme na ngoma. Nimehudhuria mojawapo pamoja na binti yangu, na wazee wa usharika walikuwa wamekaa mbele. Kuhusu nyundo za Thor, baadhi ya wanaozivaa kweli hufuata imani ya kale, lakini wengi wao huzivaa kama pambo la ushabiki. Mzungumze na kijana unachoamini wewe, naye akueleze nyimbo hizo zina maana gani kwake. Sisi tulizungumza hivyo ndani ya basi, tena kwa utulivu kuliko tulivyowahi kuzungumza mezani.

Suala la rangi yetu nalichukulia kwa uzito, na sitakwambia kwamba wasiwasi wako hauna msingi. Makundi ya wabaguzi yamezinyakua alama za kale. Kundi linalojiita Upinzani wa Kinordiki, ambalo Mahakama ya Juu kabisa ya Finland ilithibitisha mwaka 2020 kwamba livunjwe, lilitumia herufi ya kale ya mungu Týr katika bendera yake. Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi ya bendi yoyote ni haki yako kuuliza inasimama wapi. Upande wa pili ni kwamba wanamuziki kadhaa wamekataa hadharani urithi wao utumiwe hivyo, akiwemo Einar Selvik wa bendi ya Wardruna ya Norway. Tulipokwenda sisi, tulikuwa karibu Waafrika peke yetu ukumbini. Watu walitutazama, hilo sitalificha, na baadhi yao wakaja kumwuliza binti yangu ameijuaje bendi, kisha wakabishana naye kuhusu albamu ipi ni bora. Hakuna aliyetutamkia neno baya. Ukiona mtu mwenye alama inayokutia hofu, mwendee mlinzi wa ukumbi mara moja na umwoneshe, usikae ukivumilia.

Katikati ya ukumbi, mbele ya jukwaa, vijana hufanya duara na kusukumana kwa mabega. Ukilitazama kwa mara ya kwanza utadhani ni ugomvi. Nilimwona kijana mmoja mnene akiteleza na kuanguka chali, na kabla sijavuta pumzi watu wanne walikuwa wameshatanua mikono kuwazuia wengine, wakamnyanyua kwa makwapa, mmoja akamwokotea miwani yake, akaifuta kwa fulana, akamvalisha. Kisha wakaendelea. Binti yangu alinieleza kwamba ndiyo sheria ya humo, na kwamba asiyeifuata hutolewa. Nilimruhusu aingie kwa nyimbo mbili za mwisho, nami nikashika koti lake. Kwa muziki wenye humppa, kama huo mtakaouona, utakuta pia watu wameshikana mikono au mabega wakizunguka kwa kucheza, na humo hata wewe unaweza kuingia bila hofu.

Jambo moja ambalo hukuliuliza ni pombe. Baadhi ya nyimbo za Korpiklaani zinazojulikana zaidi nje ya Finland husifu ulevi waziwazi, na ukumbi mzima huziitikia. Sheria ya hapa haimruhusu kijana wako kununua, na vinywaji huuzwa katika eneo lililotengwa, lakini nyimbo atazisikia, nawe utazisikia ukiwa kando yake. Jiandae utamwambia nini.

Fundi Mitambo, Stockholm, alijibu:

Shikamoo Mama. Nafanya kazi ya sauti katika kumbi za hapa Sweden, kwa hiyo nitajibu suala la kelele tu.

Kanuni ya kitaalamu inayotumika sana katika kulinda masikio kazini husema kwamba desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zinavumilika kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Ukizipigia hesabu, desibeli 100 unazimaliza kwa dakika 15. Kiwango hicho cha 100, kikipimwa kwa wastani wa dakika 15, ndicho kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2022 kwa kumbi za muziki, na maonyesho ya metali hukikaribia. Kwa hiyo vizibo vya masikio si vya wazee wala waoga. Sisi mafundi hatuingii bila hivyo. Vya sponji ni rahisi na vinatosha kabisa kama vimevaliwa sawasawa: kisokote kwa vidole hadi kiwe chembamba, uvute sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ukiingize, ukishikilie mpaka kitanuke. Watu wengi hukibandika tu mlangoni mwa sikio na kudhani wamejikinga. Mkifika mapema, vivaeni nje, kabla ya kelele kuanza.

Simameni karibu na meza ya mitambo, ambayo kwa kawaida huwa katikati kuelekea nyuma. Fundi anaupima muziki kwa masikio yake kutoka hapo, kwa hiyo hapo ndipo utaisikia akodiani ikiwa mahali pake. Mbele kabisa, chini ya spika, utasikia ngoma na besi tu, hata hiyo fidla uliyoelezwa hutaipata. Pembeni kwenye kuta nako besi hujikusanya na kukuchosha.

Mdogo wake abaki nyumbani, Mama. Hapa Sweden sehemu zinazoingiza watoto wa chini ya miaka 13 zina kikomo cha chini zaidi, desibeli 97, na onyesho la usiku ndani ya ukumbi halikupangwa kwa ajili yao. Kuna matamasha ya wazi ya mchana, wakati wa kiangazi, ambako mtoto anaweza kukaa mbali na spika akiwa na vifuniko vinavyofunika sikio zima.

Mama wa Tampere alijibu:

Ndugu zangu, asanteni kwa majibu haya. Tiketi mbili nimeshazinunua. Jana jioni nilimwomba kijana anichagulie nyimbo kama mlivyonishauri. Akaleta kompyuta jikoni, akanisomea maneno ya Kifini mstari kwa mstari na kunifasiria, na mara kadhaa alisimamisha wimbo ili nisikie fidla inapoingia. Kweli humppa ninaisikia sasa. Nilimweleza pia kwamba nyimbo za kusifu pombe sitaziitikia na sababu ninayo, naye hakubisha, akaniambia nyingine zinahusu msitu na nyumba ya kuogea ya mvuke, na hizo niitikie.

Baba wa Turku, nashukuru kwa kunieleza bila kuficha kuhusu kutazamwa. Nimezungumza na kijana kuhusu alama, na nimeona kwamba anazijua kuliko mimi: alinionesha bendi ambazo yeye na rafiki zake wameacha kuzisikiliza kwa sababu hiyo. Kuhusu lile duara tumekubaliana kwamba ataingia wimbo mmoja nikiwa namwona, kisha atarudi nilipo, karibu na meza ya mitambo. Vizibo nimenunua pakiti nzima ili tujifunze kuvivaa nyumbani. Mdogo wake atabaki na shangazi yake, na nimemwahidi kwamba Misa ya Metali ikifika usharika wa karibu tutakwenda wote watatu.