Faili la ISO limenikwamisha siku 9, na TEHAMA wananielekeza Kariakoo

Wanajamvi, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza jambo lenyewe kwa utaratibu, kwa sababu nikianza na maneno makali mtasema nimekurupuka.

Nafanya kazi katika ofisi ya ukadiriaji majenzi hapa Posta. Jumanne ya wiki iliyopita mteja alituletea michoro ya zamani ya jengo lake analotaka kuliongezea ghorofa. Michoro hiyo ilikuwa kwenye DVD, na kwa kuwa laptopu za siku hizi hazina mahali pa kuingiza sahani, alikuwa ameshainakili yote kuwa faili moja la ISO, yaani nakala ya sahani nzima ndani ya faili moja, lenye GB 4.2. Nikalibofya mara mbili, kompyuta ikanijibu kwamba sina ruhusa ya kulipachika, yaani kulifungua kana kwamba ni sahani iliyoingizwa.

Nikapanda kwa kijana wetu wa TEHAMA. Bila kuinua macho kwenye simu yake, akaniambia kwamba kupachika faili la namna hiyo kunahitaji haki za msimamizi, "ndivyo Windows ilivyo, kaka." Sivyo ilivyo. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mtumiaji wa kawaida hupachika ISO bila nywila ya msimamizi, na yaliyomo hujitokeza kwa herufi yake kana kwamba umechomeka flashi. Kinachodai haki za msimamizi ni VHD, yaani faili linaloiga diski ngumu, na hapo sina ugomvi na mtu. Zamani, kwenye Windows 7, tulilazimika kusakinisha programu za kuigiza kisomeo cha CD, nazo ziliingiza draiva ndani kabisa ya mfumo, hivyo msimamizi hakuepukika. Nahisi kijana wetu amebaki huko.

Kwa hiyo aliyezuia ni ofisi yetu, kwa kanuni yake yenyewe. Sababu naielewa: wahalifu walikuwa wakituma programu hasidi ndani ya ISO kwa barua pepe, kwa kuwa alama ambayo Windows huliwekea faili lililotoka kwenye intaneti, ili imwonye mtumiaji, haikuyafikia mafaili ya ndani, hadi Microsoft waliporekebisha kasoro hiyo Novemba 2022. Angenieleza hivyo ningenyamaza na kuomba njia nyingine. Na njia ipo: programu ya 7-Zip hufungua ISO kama inavyofungua zip, bila kupachika chochote. Nikaiomba. Nikapewa fomu ya kusainiwa na mkuu wa idara, ambaye yuko safarini Dodoma.

Sasa sikilizeni kituko. Siku ya nne nilipokwenda kukumbushia, nilishauriwa nilibebe faili kwenye flashi hadi Kariakoo, kwa mafundi wa simu, "watakufungulia kwa elfu tano tu." Yaani ofisi inayonizuia kusoma faili kwa ajili ya usalama ndiyo inayonituma nikaiache michoro ya mteja, yenye kila mlango na kila ngazi ya jengo lake, ndani ya kompyuta ya duka nisilomjua mwenyewe, ambako flashi za nusu ya jiji huchomekwa kutwa nzima!

Sikwenda. Nyumbani Mbagala nina laptopu chakavu yenye mfumo wa Ubuntu badala ya Windows. Huko nako amri ya kupachika, mount, kwa kawaida humtaka msimamizi, lakini ipo amri nyingine, udisksctl, ambayo humruhusu mtumiaji aliyeketi mbele ya mashine kupachika faili lake mwenyewe bila sudo, yaani bila kuazima haki za msimamizi. Michoro ilifunguka kabla maji ya chai hayajachemka. Ila flashi ile ilisafiri mfukoni mwangu ndani ya daladala iliyojaa, na najua kabisa kwamba nilivunja kanuni zaidi kuliko ambavyo ningeivunja kwa kubofya faili mezani kwangu.

Ninyi mnaosimamia kompyuta za maofisi, nijibuni: mnapofunga njia moja, kwa nini hamwachi 7-Zip ikiwa tayari kwenye kila mashine? Fomu yangu, hadi naandika haya, haijasainiwa.