Tupeane uzoefu: ngozi yako ikoje pale unapochomeka pampu au kuchoma insulini?

Mzigua_Leicester
Habari za jioni wakuu. Leo naomba sisi wenye kisukari tuache vyakula, tuzungumzie ngozi. Natumia pampu ya insulini, kile kifaa kinachoingiza dawa mwilini kidogokidogo, huku Uingereza, mwaka wa kumi na zaidi sasa. Kimrija kinachoingia chini ya ngozi nakibadilisha kila baada ya siku mbili tatu, na tumbo limeanza kuchoka. Kushoto kwa kitovu pana bonge. Kwa macho hulioni, ila ukipaka sabuni na kupitisha vidole taratibu unaligusa, laini kama unga uliokandwa. Kulia kumejaa vidoa vyeusi, vingine vinawasha hadi usiku.

Kinachoniuma ni watu kugombezwa kwamba wanakula hovyo, ilhali hakuna aliyewashika tumbo. Insulini hukuza mafuta chini ya ngozi. Ukiirudisha palepale kila siku, bonge linaota, na insulini ikiingia humo inafyonzwa inavyotaka yenyewe. Leo sukari iko juu, 17, kesho alfajiri iko chini, 3, na chakula ni kilekile.

Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, kilichapisha utafiti wa ngozi za watumiaji 30 wa pampu. Walikatwa vipande vidogo vikapimwa, vikaonyesha kovu la ndani na seli zinazoambatana na mzio. Nilifarijika sana, maana niliwahi kuambiwa ni mawazo yangu tu.

Wa mabomba ya sindano na wa peni za insulini karibuni pia.

Mama Salma, Tanga
Asante kwa uzi huu. Binti yangu anatumia bomba la sindano, na alikuwa hataki kuchoma popote ila paja la kulia, anasema pale haumii. Kumbe haumii kwa sababu pameshakuwa sugu! Muuguzi mmoja ndiye aliyemshika akagundua. Akaligawa tumbo robo nne kwa kalamu: wiki hii robo hii, wiki ijayo ile, na kila tundu liachane na jingine upana wa kidole. Sukari imetulia kuliko zamani. Shida yangu ni sindano. Tunaambiwa moja matumizi moja, lakini kwa bei ya duka la dawa tunairudia mpaka inakuwa butu.

Nesi_Mwanza
Mama Salma, pole, na hongera kwa kufuatilia. Sindano butu inachangia hayo mabonge, kwa hiyo hata mkipunguza kurudia ni nafuu. Ila nawaomba wote msome hapa: ukihama kutoka kwenye bonge kwenda kwenye ngozi nzima, dozi ileile inaweza kukushusha sukari vibaya, kwa sababu sasa inafyonzwa yote. Zungumza na daktari wako kabla ya kuhama, pima mara nyingi zaidi siku hizo, na usiku uwe na glukosi au soda ya sukari karibu na kitanda. Nimeshapokea watu waliozimia kwa jambo hili.

Bin Seif, Muscat
Kwangu ni gundi. Kihisi cha sukari, kile kifaa cha kupima sukari kinachokaa kwenye ngozi, nilikibandika mkononi, na joto la huku na jasho, baada ya siku chache ngozi ikatoa malengelenge. Sisi weusi usitegemee kuona wekundu: ngozi inakoza, inakuwa ngumu, kisha inabambuka. Daktari wa ngozi alinibandika vipimo mgongoni, akakuta mzio wa isoboneli akrileti, kemikali iliyokuwamo kwenye gundi ile. Nilibadili aina ya kihisi, nikapona. Doa limebaki.

Mwana wa Kisauni
Mamangu alianza insulini miaka ya sabini, ile iliyotolewa kwa ng'ombe. Yeye hana bonge, ana mashimo. Mapaja yamebonyea, kidole kinaingia. Kila mara akivaa leso huyafunika vizuri, hata mbele yetu wanawe. Tangu abadilishiwe insulini hayajaongezeka.

Mzigua_Leicester
Bin Seif, asante, nitaomba nami nipimwe gundi. Mwana wa Kisauni, mpe mama salamu zangu za heshima. Mimi nimehamia juu ya makalio na kanula (kile kimrija cha pampu) ya chuma, ambayo nabadilisha mapema kuliko ile laini. Bonge limepungua, ila ni mambo ya miezi. Kuna aliyejaribu mkono wa juu kwenye pampu? Mrija hauvutiki ukilala?