Narudi Mji Mkongwe na mkoba mgongoni, usiku sita kwa laki sita: nipangeje?

Mkoba_Mmoja
Habari za jioni wakuu. Nataka kurudi Unguja, usiku sita, mtu mmoja, mkoba mgongoni. Mara ya mwisho ilikuwa 2014 kwenye harusi, kila kitu kilipangwa na wenyeji, kwa hiyo najua ladha ya mji lakini sijui njia zake. Nina laki sita nje ya nauli ya treni ya Dodoma–Dar. Ziara za vifurushi sizitaki.

Naomba kujua: Juni au Novemba, upi afadhali? Nilale ndani ya Mji Mkongwe au nje? Pwani ya mashariki nafikaje bila teksi? Na kipi kimebadilika kiasi kwamba nikitegemea kumbukumbu nitapoteza muda? Mkoba wangu ni lita 60, sina mwingine.

Tanga_Mbili
Novemba, mkuu. Juni masika imeshaisha, ni kweli, lakini kusi, upepo wa kusini, limeanza kushika na ndipo msimu mkubwa wa wageni unapofunguka. Bei za vyumba zinapanda kuelekea Julai na Agosti. Novemba ni kati ya kusi na kaskazi, bahari imetulia. Mvua za vuli zipo, ila aghalabu hushuka kwa kishindo saa moja au mbili kisha jua linatoka. Masika ndiyo ya kuogopa: nguo hazikauki na vichochoro vinageuka mifereji.

Ukilazimika kwenda wakati wa kusi, jua kwamba safari ya kurudi Dar ndiyo mbaya kuliko ya kwenda. Kwenda, upepo unakusukuma kwa nyuma; kurudi, boti inapigana na mawimbi uso kwa uso. Kaa sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, na meza dawa ya kichefuchefu kama saa moja kabla ya kuondoka. Ukiimeza ukiwa tayari unatapika, haikusaidii.

Februari ikwepe pia kama hukufuata muziki. Tamasha la Sauti za Busara linafanyika Ngome Kongwe na vyumba vya bei ya chini huisha mapema.

Gati_Namba_Tatu
Upande wa Dar. Ukishuka SGR pale Stesheni, huhitaji bajaji. Fuata Sokoine kuelekea Posta ya Zamani, ni kama robo saa kwa mguu. Boti za Zanzibar ziko mkabala na kanisa la Mtakatifu Yosefu. Wengi wanakosea hapa: wanamwambia dereva "nipeleke feri", anawapeleka Magogoni kwenye kivuko cha Kigamboni, karibu na soko la samaki. Sema "boti za Zanzibar". Anayekuja kwa basi na kushuka Mbezi kwenye stendi ya Magufuli achukue mwendokasi ya Kivukoni ateremke Posta ya Zamani, asiende hadi mwisho.

Tiketi nunua mtandaoni au dirishani, basi. Anayekukamata barabarani na kukwambia boti imejaa ila yeye ana nafasi, mpite. Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama NIDA inasema majina matatu, usiandike lile la utani. Fika saa nzima kabla. Mzigo wa bure ni kilo 25, mkoba wako hautafika huko, lakini usiuvue getini: akishaubeba hamali hatua kumi, ni malipo.

Mkoba_Mmoja
Asante sana. Je, treni ya asubuhi na boti ya siku hiyo hiyo inawezekana?

Gati_Namba_Tatu
Inawezekana kwa treni ya asubuhi na boti ya alasiri, ila usikate tiketi ya boti ambayo treni ikichelewa saa moja tu inakuacha. Acha pengo la saa tatu. Ukiona pengo halitoshi, lala Kariakoo uondoke na boti ya kwanza, ya saa moja asubuhi. Kufika Unguja asubuhi kuna faida yake, watakwambia wenzangu wa gari za shamba, yaani daladala za kwenda nje ya mji.

Bi_Kiponda
Karibu tena, mwanangu. Nianze na ulilouliza mwisho, maana ndilo litakalokuchelewesha.

Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu, usiliweke kwenye ratiba kama mahali pa kuingia. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, na matengenezo ya jumba kama lile si kazi ya mwaka mmoja. Ngome Kongwe iko palepale jirani, mchana unaingia bila kulipa. Darajani nako usitegemee ramani ya kichwani: eneo la mbele ya soko limejengwa upya, na gari nyingi za shamba sasa zinapakilia Kijangwani.

Ukitoka bandarini Malindi utakutana na papasi. Wao kazi yao ni kukuongoza hadi gesti wanayopata kamisheni, na kamisheni hiyo inaingia kwenye bei ya chumba chako. Salamu ijibu, mguu usisimame. Jina la gesti uwe nalo tayari, na usiku wa kwanza uwe umelipiwa. Ukishalala, asubuhi zunguka mwenyewe Kiponda, Malindi na Mkunazini ukaulize bei mlangoni, kisha uombe punguzo la siku tatu. Shangani pazuri, lakini ni pa mifuko mingine.

Kabla hujalipa, fungua bomba na uonje: nyumba nyingine maji yake yana chumvi, sabuni haitoi povu. Tazama kama chandarua kina matundu. Uliza adhana ya alfajiri inatoka upande gani kama usingizi wako mwepesi. Na chumba cha chini kabisa kikatae, hewa haipiti na ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta unyevu, godoro linanuka.

Simu itakudanganya vichochoroni, kuta ni ndefu na alama ya ramani inaruka nyumba tatu. Shika vitu vinne: bahari upande wa magharibi, barabara ya Darajani (Creek Road) mashariki, mnara wa kanisa la Mkunazini, na minara miwili ya Mtakatifu Yosefu kule Baghani. Ukipotea kabisa, tembea moja kwa moja. Mji ni mdogo, utatokea ama baharini ama barabarani.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe ukiwa mjini, hata wanaume. Kaptura ni ya pwani.

Ngambo_Line
Natofautiana kidogo na Bi Kiponda. Kwa laki sita, kulala Mji Mkongwe usiku zote sita ni kuchoma hela. Vuka barabara uje Ng'ambo, Michenzani au Kikwajuni: gesti za wasafiri wa ndani, bei ya Mtanzania, na unatembea dakika kumi na tano hadi Forodhani. Hasara yake ni kwamba chai ya asubuhi haimo, lakini chapati, maharage na supu viko kila kona.

Bi_Kiponda
Hilo kweli. Ila anayerudi kwa mapenzi ya mji anataka kuamka ndani yake. Agawe: siku mbili huku, zilizobaki huko.

Mezani_Pweza
Chakula kisikumalize. Forodhani baada ya magharibi ni pa kutazama zaidi kuliko kushiba. Meza zenye mishkaki mingi ya samaki na kamba iliyopangwa kwa rangi, tahadhari: kisichouzwa jana kinapashwa leo, na bei hutajwa baada ya sahani kujaa. Uliza bei ya kipande kabla hakijaguswa. Vinavyotengenezwa mbele ya macho yako havina shaka: pizza ya Zanzibar, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, urojo.

Urojo mzuri utaujua kwa mchuzi: mwepesi, wa manjano, uchachu wa embe au ndimu unaotangulia pilipili. Ukiwa mzito kama uji, unga umezidi na umekaa. Kula alasiri, ndipo bhajia na kachori zingali mpya. Mchana wali na samaki Mkunazini kwa Lukmaan, unaona vyungu ndipo unaagiza. Kahawa chungu na kashata Sokomuhogo, jioni. Siku za Ramadhani hesabu hii yote inageuka, mchana utakula chumbani.

Gari_ya_Shamba
Sasa pwani. Namba: 116 Nungwi, 118 Matemwe, 117 Kiwengwa, 309 Jambiani, 324 Bwejuu. Kwa Paje panda 324 au 309. Uwanja wa ndege ni 505. Nauli ya mbali zaidi ni elfu chache, huwezi kulinganisha na teksi. Paje au Nungwi tenga saa mbili, maana gari haiondoki mpaka ijae na njiani inashusha na kupakia. Ondoka kabla ya adhuhuri, na kurudi mjini usisubiri jioni: gari za mwisho kutoka shamba huondoka mapema kuliko unavyodhani, ukichelewa ni teksi au kulala.

Lita 60 ni kubwa kwa gari zile. Usijaze: weka vitu vya lita 35, kaza mikanda, ibane iwe fupi ukae nayo mapajani, maana ikienda juu ya paa la gari, mvua ya vuli itaikuta. Ndani weka mfuko mzito usiopitisha maji. Kikoi kimoja kinafanya kazi ya taulo, shuka na kujisitiri. Viatu vya maji vya mpira ni lazima, miamba ya mashariki ina wale viumbe wa baharini wa miiba myeusi. Ukikatwa na tumbawe, safisha kwa maji safi mpaka vipande vyote vitoke. Limau halitoi vipande, na ndivyo vinavyotunga usaha.

Pesa taslimu chukua mjini. Shamba wakala wa simu wapo, mashine za benki chache.

Mjukuu_Muscat
Nadandia uzi. Nina pasipoti ya Oman, mama ni wa Unguja. Ile bima ya lazima kwa wageni wanaoingia Zanzibar inanihusu?

Gati_Namba_Tatu
Inakuhusu ndugu yangu, inaangalia pasipoti, haiangalii mama. Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni ananunua bima ya Zanzibar Insurance Corporation, dola 44 kwa mtu mzima, inadumu siku 92. Lipa mtandaoni kabla ya safari. Mkoba_Mmoja wewe hujaguswa.

Mkoba_Mmoja
Nimepanga hivi: Novemba, nafika tarehe 2 ya mwezi wa kiislamu, usiku wa 1 hadi 3 Mji Mkongwe na Ng'ambo, siku ya pili kisiwa cha Changuu na fungu la mchanga la Nakupenda, kisha usiku wa 4 hadi 6 Paje niogelee mchana. Kuna kasoro?

Tanga_Mbili
Ipo moja, na ni ya maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Kila siku yanasogea mbele dakika hamsini hivi. Kwa mpango wako, ukifika Paje tarehe 5 ya mwezi wa kiislamu maji yanajaa saa moja asubuhi na mchana yamekwenda hadi mwambani: utatembea nusu saa kwenye mchanga na mashamba ya mwani, maji magotini.

Geuza. Shuka Malindi, nenda moja kwa moja Kijangwani, Paje usiku tatu za kwanza. Maji yatakuwa yamejaa alasiri, ogelea kuanzia saa nane. Rudi mjini siku ya nne, na kesho yake nenda Nakupenda. Siku hiyo maji yatapwa karibu saa nane mchana, fungu litakuwa limetoka. Boti lake bei ni ya boti nzima, si ya kichwa, kwa hiyo nenda ufukwe wa Forodhani saa tatu asubuhi utafute wenzako wanne wa kuchanga. Anza na Changuu kwenye kobe, fungu liwe la pili, na mwambie nahodha mapema kabisa saa mnayotaka kuondoka, kabla maji hayajarudi.