Mama ana magoti, anataka kuona Al Hamra: tupande Wadi Bani Awf au tuzunguke Nizwa?

BintiRahaleo

Assalam alaykum wanajamvi. Naandika kutoka Seeb, Omani. Tumeingia juzi mimi, mume wangu na mama, tumefikia kwa mama mdogo. Zimebaki siku kumi na mbili.

Babu yangu mzaa mama alizaliwa Al Hamra, mji ulio chini ya mlima wa Jebel Shams. Alikuja Unguja bado hajaota ndevu, akafungua duka, akaoa, akazikwa huko huko. Hakurudi hata siku moja. Mama ana miaka 71 na hajawahi kukanyaga Al Hamra. Anachojua ni maneno ya babake tu: "Kwetu nyumba za udongo, lakini zina ghorofa tatu." Yeye na nduguze wakimcheka mpaka machozi, maana udongo waliokuwa wakiujua wao ni wa banda la kuku uani. Sasa anataka akaone kwa macho yake.

Tatizo ni mtoto wa mama mdogo. Anashikilia twende Rustaq, tupande bonde la Wadi Bani Awf, tupite kijiji cha Bilad Sayt, tutokee juu Sharfat al Alamayn, ndipo tuteremkie Al Hamra. Anasema aliyefika kwa lami hajafika. Mume wangu ameshaonyeshwa video, macho yamemtoka, anaulizia gari la kukodi. Mama ana magoti na presha, na gari likiinama kidogo tu anafumba macho na kuanza Ayatul Kursi.

Naombeni ushauri kwa waliopita. Nani yuko sahihi?

Mzee_wa_Mabela

Waalaykum salaam binti, karibuni. Nimekaa nchi hii tangu miaka ya sabini, tuliporudi akina sisi. Nakujibu kama ningemjibu binti yangu: mama yako asipite Wadi Bani Awf.

Si kwamba pabaya. Pazuri mno, na hapo ndipo penye mtego. Kutoka upande wa Rustaq unaingia katikati ya miamba, bonde linabanana, njia ni ya vumbi na mawe. Unapanda kwa makona, pengine upana ni wa gari moja: kulia ukuta wa jabali, kushoto hewa. Ukikutana na mtu, mmoja wenu arudi nyuma mpaka apate mahali pa kujibanza. Kuna uwanja wa mpira humo ndani, nyasi za plastiki kijani kibichi katikati ya majabali makavu, ukiuona unadhani umepata homa. Halafu Bilad Sayt: nyumba zimebanana juu ya mwamba, chini yake vijaruba vya ngazi na mitende. Roho inatua.

Lakini huwezi kuviona hivyo vyote ukiwa umefumba macho unasoma Ayatul Kursi.

Chukueni barabara kuu ya Muscat kwenda Nizwa, lami tupu, saa mbili kasoro. Nizwa mpaka Al Hamra ni kama dakika arobaini. Gari dogo la kawaida linatosha.

KibokoYao

Swali moja tu kwa shemeji: ameshawahi kuendesha gari kulia? Maana huko si kushoto kama kwetu. Mimi siku ya kwanza nilipokodi gari huko, kila nikitaka kuonyesha indiketa nilikuwa nawasha waipa. Jua linawaka, kioo kinafutwa. Sasa hiyo ni barabara ya lami, hebu fikiria kwenye jabali.

Na kamera za mwendo huko si tochi ya polisi aliyejificha kichakani, zimesimama barabarani mchana kweupe na hazijui kuongea na mtu vizuri.

Mwana_wa_Kibokoni

Mimi wa Mombasa, nilifanya kazi Sohar miaka minne. Hiyo njia niliipita kwa kushuka, kutoka juu Sharfat kwenda Rustaq, na wenzangu watatu. Kosa langu la kwanza: nilishuka nimekanyaga breki tu. Nusu ya njia tukaanza kusikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Kanyagio likaingia chini laini kama mkate wa mofa uliolowa mchuzi. Tulisimama kwenye kona, tukaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, tukakaa dakika hamsini tukingoja breki zipoe. Mzee mmoja wa huko alipita na pikapu yake, akatazama, akatucheka, akatupa tende. Ndiye aliyenifundisha: 4x4, gia nzito, namba moja, injini ndiyo ikushike, breki uziguse tu.

Kosa la pili sikulijua mpaka nirudishe gari. Kampuni niliyokodi ilikuwa na mstari mmoja mdogo kwenye mkataba: njia isiyo na lami, bima haipo. Walikagua chini ya gari kwa tochi, wakakuta mikwaruzo, amana yangu ikaenda. Yaani hata ukiwaambia "4x4 mliikodisha ya nini basi" hawakusikii. Dada, mwambie bwanako asome huo mkataba mpaka mwisho kabla hajalipa.

Mpenda_Milima

Naona mnamtia dada wa watu uoga. Mimi nilimpitisha baba yangu wa miaka 68 humo humo na hakuna kilichotokea. Tulimchukua dereva mwenyeji, na hiyo ndiyo siri. Njia anaijua kona kwa kona. Kuzunguka Nizwa ni kuona Omani kupitia dirishani.

Mzee_wa_Mabela

Ndugu Mpenda Milima, babako alikuwa na magoti mazima?

Na kuna jambo hujalitaja: maji. Wadi ni njia ya maji, si njia ya magari iliyopata bahati mbaya. Mvua inanyesha mlimani huko usikokuona, hapa ulipo jua kali, ghafla unasikia mngurumo kama lori linakuja. Miamba haina udongo wa kunywa maji, kwa hiyo yote yanashuka kwa mpigo na mawe yake. Aprili 2024 walikufa watu wengi hapa nchini, wakiwemo watoto wa shule waliosombwa wakiwa ndani ya gari. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la jinai, unaweza kulipa faini au kufungwa. Ukiona mawingu meusi juu ya milima, hata kama umebakisha kilomita mbili, geuza. Mkipatwa na dharura, namba ya polisi ni 9999.

Shufaa_Nizwa

Shoga BintiRahaleo, mimi niko Nizwa, Al Hamra nakwenda kila mara. Wote hapo juu wanabishana juu ya njia, hakuna aliyekwambia mama atafanya nini akifika.

Kwanza, njia ya kati ipo. Fikeni Al Hamra kwa lami. Kutoka hapo kuna lami nyingine inapanda mpaka Sharfat al Alamayn, karibu mita 2,000 juu. Makona yapo, lakini barabara pana. Unasimama pale juu, Wadi Bani Awf yote iko chini ya miguu yako, na ile njia ya vumbi unaiona imejikunja kama uzi ulioanguka. Mama aone kutoka hapo, anywe chai, ageuze. Mume na huyo mtoto wa mama mdogo wakitaka kushuka, warudi siku nyingine na dereva mwenyeji. Chukueni masweta, juu kuna baridi hata kama Seeb mmeacha joto. Na jazeni mafuta Al Hamra, kule mlimani hakuna kituo.

Pili, Al Hamra yenyewe. Mji wa zamani umejengwa juu ya mwamba ulioinama, kwa hiyo vichochoro vina mteremko na mawe yanateleza. Avae viatu vya mpira, si kandambili. Nyumba nyingi hazina watu. Wenyewe walihamia nyumba za saruji baada ya umeme na barabara kuingia, na nyumba ya udongo isipopigwa plasta upya, mvua chache tu zinaimaliza. Kwa hiyo msipande ghorofa za nyumba iliyoachwa, hata mlango ukiwa wazi. Dari ni magogo ya mitende na makuti, juu yake udongo, na mchwa hawana adabu.

Ulizeni Bait al Safah kama iko wazi siku hiyo. Ni nyumba ya udongo iliyotunzwa, ndani wanawake wanaonyesha kazi za zamani: kukaanga na kutwanga kahawa, kupika mkate mwembamba kama karatasi juu ya chuma, kukamua mafuta ya mbegu za shuu. Shuu ni nduguye mlonge. Mama akiziona hizo mbegu atazijua.

Misfat al Abriyyin ni jirani, kijiji cha mawe na udongo kilichoning'inia juu ya mashamba ya ngazi, na falaji unapita katikati. Kizuri kuliko Al Hamra kwa picha, lakini ni ngazi tupu. Kwa magoti ya mama, atazameni kutoka ng'ambo tu. Watakaoingia wavae nguo za kusitiri, watu wanaishi mle, si makumbusho.

BintiRahaleo

Shufaa Mungu akupe. Nimemsomea mama majibu yote, ya mkate wa mofa amecheka sana. Swali: huo falaji ndio nini hasa? Babu alikuwa akisema "maji ya zamu", mama hajawahi kuelewa.

Mzee_wa_Mabela

Babu yako alikuwa akisema kweli tupu. Falaji ni mfereji unaotoa maji mlimani au chini ya ardhi na kuyaleta kijijini kwa mteremko peke yake, bila pampu. Kila mwenye shamba ana zamu yake, kwa saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Zamu ilikuwa mali: inarithiwa, inauzwa, inakodishwa. Mifereji mitano ya Omani iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2006, mmoja ni Falaj Daris, hapo hapo Nizwa, karibu na barabara na ngazi ni chache. Mama atie miguu. Ila mkikuta wenyeji wanachota sehemu ya juu ya mfereji, hapo ni pa kunywa, msioshe kitu.

Njiani kati ya Nizwa na Al Hamra simameni Tanuf pia. Jina mtaliona kwenye chupa za maji. Mji wa zamani ni magofu ya udongo. Haukubomolewa na mvua, ulipigwa mabomu na ndege za Waingereza kwenye vita vya Jabal Akhdar miaka ya hamsini. Dakika kumi zinatosha. Siwezi kukaa pale zaidi ya hapo mimi.

KibokoYao

Ongezeni la kahawa jamani. Mkikaribishwa, kikombe ni kidogo kama cha doli, na wanaendelea kumimina. Ukishatosheka unakitikisa. Mimi sikuambiwa. Nilikunywa tisa kwa heshima, usiku nilihesabu mbao za dari.

BintiRahaleo

*Siku nane baadaye.*

Nimerudi kuwapa mrejesho, maana kuna nyuzi watu wanaomba ushauri halafu wanapotea.

Tulikwenda kwa lami. Mume alinuna mpaka Nizwa, kisha akaona ngome akasahau. Tanuf mama hakushuka kwenye gari. Al Hamra tulifika saa nne asubuhi, kwa juu, tukamshusha taratibu, mimi huku mume kule. Kwenye kichochoro cha pili akasema tumwache. Akaweka kiganja ukutani, akakwangua kidogo kwa kucha, yakatoka majani makavu. "Wametia majani," akasema, kama fundi aliyekuja kukagua.

Wakati huo tulikuwa tunazungumza Kiswahili kwa sauti, ndio zetu. Mzee mmoja amekaa kibarazani na bakora yake akatukatiza: "Mnatoka Unguja pande gani?" Kiswahili cha Ng'ambo, safi. Kazaliwa Unguja, kaondoka kijana. Akatuita ndani kwake, nyumba ya saruji pembezoni, kahawa na tende na halua. Nilitikisa kikombe mapema, mume wangu akajifanya hakusoma uzi huu, akapata vitano.

Jina la babu, mzee hakulijua, ila ukoo akaujua. Akatuonyesha kwa bakora upande ambao nyumba zao zilikuwa. Moja imebaki ukuta wa mbele tu, madirisha matupu, mbingu inaonekana kwa nyuma. Hatukuweza kusema ndiyo yenyewe, na mzee naye hakutaka kutudanganya.

Sharfat tulipanda jioni. Mama alishuka kwenye gari, akatazama bonde kama dakika moja, akasema inatosha, pazuri, turudi. Mume na mwenzake wameshapanga kushuka Jumamosi na dereva wa Al Hamra. Nimewasomea habari ya breki mara mbili.

Lakini pale mbele ya ule ukuta mama alikaa muda mrefu. Nilidhani analia, nikamkaribia. Alikuwa amenyanyua kidole anahesabu safu za madirisha kutoka chini, midomo inacheza. Akafika tatu, akaanza upya kutoka chini. Tatu. Akaniomba simu, akampigia mjomba Unguja, na hakutoa hata salamu.

"Zina ghorofa tatu," akamwambia.