Tupeane uzoefu: Kuogelea na kula samaki katika vighuba vya Calanques, Marseille

Ndugu wanajukwaa, mwezi wa Julai natarajia kuwapeleka wazazi kwenye vighuba vya Calanques, kusini mwa Ufaransa, ambako magenge meupe ya mawe ya chokaa huteremka hadi baharini. Baba hawezi kutembea mwendo mrefu, na Mama ameshasema hatarudi bila kula samaki mbele ya maji. Mliowahi kufika, naomba mtueleze mlivyofanya.

Mkaazi wa Marseille: Kwa hali ya mzee, chagua kighuba cha Sormiou. Wakati wa kiangazi barabara ya kuteremkia huko hufungwa mchana kwa magari, lakini aliyeweka nafasi ya chakula katika mkahawa wa ufukweni huruhusiwa kupita. Ndiyo maana mimi hupiga simu mapema, na nikifika kizuizini hutaja jina langu tu. Mara ya mwisho tuliagiza bouillabaisse, samaki wa miambani waliopikwa kwa zafarani, shamari na nyanya. Kwa desturi mchuzi hutangulia, ukiandamana na mkate uliobanikwa na kupakwa rouille, ambayo ni sosi nzito ya kitunguu saumu na pilipili, kisha samaki wenyewe hufuata katika sinia. Bei yake si ya mchezo. Shemeji yangu, Mngazija asiyesifu mapishi ya mtu yeyote, alilalamika kwamba zafarani imezidi, huku akiomba aongezwe mchuzi.

Mwanafunzi wa zamani: Sisi vijana tulikwenda kighuba cha Sugiton kwa miguu kutoka Luminy, mtaa wa Marseille wenye chuo kikuu, tukipita katikati ya misonobari. Tangu 2022, siku za kiangazi zenye watu wengi, huingii bila kibali, ambacho ni cha bure na huombwa mtandaoni. Watu 400 tu ndio huruhusiwa kwa siku, kwa sababu nyayo za wageni zilikuwa zikimomonyoa udongo na kuacha mizizi ya miti wazi. Hakuna mkahawa huko, na njia ya kurudi ni mlima mtupu, kwa hiyo wazee usiwapeleke.

Mama wa watoto wawili: Naongeza kwamba jioni kabla ya safari ni lazima utazame tangazo la hatari ya moto, kwani siku za upepo mkali eneo lote linaweza kufungwa. Upepo huohuo, unaoitwa mistral, husukuma maji ya juu na kuyaleta ya chini yaliyo baridi, hata katikati ya Julai. Wanangu waliingia mbio wakatoka mbio zaidi.